Hita ya Hilux ya zamani: ununue nini Kisekka na nini uwaachie wenyewe

Mtu wa Kampala atacheka, hita ya nini na jua hili, lakini muulize anayetoka Kabale saa kumi na moja asubuhi, ukungu umelala barabarani na kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani, mkono mmoja uko kwa usukani na mwingine unafuta kioo na kitambaa. Mimi kabangali yangu, yaani pikapu, ni Hilux ya 1992, ile ya leva za kusukuma kwa dashibodi, na kabla sijajua ninachofanya nimenunua vipya vitu viwili ambavyo vya zamani havikuwa na shida.

Kwa hiyo kabla hujashuka Kisekka, lile soko la vipuri la Kampala, fungua boneti. Kuna hozi mbili zinazopeleka maji moto ya injini ndani ya kabini, ziangalie kama bado zimefika huko, maana hita ikivuja makanika wengi wanazikata na kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe halafu wanakwambia imepona. Pia uliza thermostati iko, ile vali ndogo inayozuia maji mpaka injini ipate joto? Huku kwetu wengi wanaitoa eti injini isichemke, basi ukiwa barabarani asubuhi ya baridi maji hayapati joto la kutosha na hita inakupulizia upepo wa friji. Mimi ndipo nilipopigwa, nilibadilisha kontrol nzima, yaani leva za dashibodi na kebo zake, kumbe thermostati ilitolewa zamani na mwenye gari wa kwanza. Digrii zimegongwa kwenye chuma chake, yangu ni 82, nunua ya namba inayotakiwa na injini yako na gasketi yake.

Hizo mbili zikiwa sawa, sasa tuongee kununua.

Namba moja kwangu ni kontrol ya kutoa kwenye gari lingine, lakini ikiwa na kebo zake zote tatu bado zimeshika: ya joto, ya kuchagua upepo uende miguuni au kwa kioo, na ya kufungia hewa ya nje. Watu wananunua leva peke yake kwa sababu ni rahisi, halafu kebo ndiyo iliyokufa kwa kutu. Pale Kisekka usikubali dalali akuletee ukiwa umekaa, nenda mwenyewe na ya kwako mkononi, pima kebo kwa kebo, sukuma leva mwanzo mpaka mwisho, ikikwama katikati rudisha. Na uliza imetoka kwa gari la usukani gani, kwa sababu vipande vya Dubai vingi ni vya usukani wa kushoto na kebo zake mara nyingi urefu haulingani na zetu.

Namba mbili, kama leva ni nzima na kebo moja tu ndiyo imekatika, tafuta kebo ya choki ya gari la zamani, ile ya kuvuta ukiwasha injini baridi. Hii watu hawaijui. Kebo ya hita ndani ni waya mmoja mgumu, inavuta na inasukuma, na ya choki iko hivyo hivyo, unaikata urefu unaotaka unakunja ncha basi. Ya boda usiguse ssebo, ile ni nyuzi zilizosokotwa, inajua kuvuta tu, ukisukuma inajikunja ndani, utafungua joto halafu ushindwe kulifunga mpaka Mbarara. Hiyo naiweka mwisho kabisa, hata kama makanika anakuapia.

Feni ni habari nyingine. Ikifanya kazi kwa spidi ya mwisho tu, zingine zimekufa, usinunue swichi, ni rezista, kile kipande kinachopunguza spidi ya feni, iko kwa boksi la feni chini ya dashibodi upande wa abiria. Hapa nalipia mpya kwa sababu ya kutumika hujui imebakiza siku ngapi. Ifungwe pale pale ilipokuwa, upepo wa feni ndio unaoipoza, nimeshaona imening'inizwa nje na waya na plastiki ya karibu imeyeyuka. Feni ikikataa kabisa anza na fyuzi, halafu konekta ya swichi, ikiwa imeungua nyeusi badilisha na konekta pia, la sivyo swichi mpya itafuata ile ya zamani.

Jenuini ya dukani ni nzuri, sikatai, lakini kwa gari la umri huu naona ni pesa ya kuweka kwa matairi.

Na leva ikiwa ngumu usiilazimishe. Chomoa kebo ya joto kwenye vali ya maji, ile inayofungulia maji moto yaende kwa hita, ijaribu kwa mkono: vali ikigoma yenyewe, nunua vali, dashibodi uiache ilivyo.