Uzoefu wangu: pikipiki ya kwanza ya kwendea kazini Dar, CC 125 au 150?

Kwa mtu anayeanza, anayetaka pikipiki ya kumfikisha kazini na kumrudisha nyumbani tu, jibu langu ni CC 125 (CC ni kipimo cha ukubwa wa injini) ya kawaida yenye rimu za inchi 17. Nikibanwa nitaje moja kwa mazingira ya Dar es Salaam, nitataja TVS HLX 125. Boxer BM 150 ni chombo imara na utaiona kila kijiwe cha bodaboda, lakini wanaoipenda wana sababu yao: abiria wawili na gunia juu, mlima mbele, kutwa nzima. Anayetoka Kimara kwenda Posta akiwa peke yake hana kazi ya namna hiyo. Na akiwa bado anatafuta mkono wake kwenye klachi, nguvu ya ziada inamrusha mbele kila anapoiachia vibaya kwenye foleni.

Kuna jambo la leseni ambalo watu hulijua wakiwa wameshalipia pikipiki. Kwa Tanzania, daraja A1 ni la pikipiki isiyozidi CC 125. Ikizidi hapo unahitaji daraja A. Injini ya HLX 125 ina CC 124.5, kwa hiyo iko ndani ya A1. Ya Boxer BM 150 ina CC 144.8, kwa hiyo iko nje. Kabla ya kununua, muulize mwalimu wako wa udereva cheti chako kitakuwa cha daraja gani. Ukiendesha chombo kisichomo kwenye leseni yako, trafiki ana haki ya kukuandikia, na siku ya ajali kampuni ya bima inapata sababu ya kukataa madai yako.

Ukifika dukani usianze kuuliza spidi. Panda, kaa, shusha miguu yote miwili. Sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili ikae chini bila kuinamisha pikipiki upande. Pikipiki hizi za kawaida zina uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi, na mtu mwenye urefu wa kati anazifikia bila shida. Zile ndefu za porini, kama Yamaha DT125, ni nzuri kwa barabara za vijijini, lakini kiti chake kiko juu, na mtu mfupi anaangukia kwenye taa nyekundu pikipiki ikiwa imesimama kabisa. Ukishakaa, shuka, iweke kwenye stendi kubwa, uitoe, uisukume kurudi nyuma hatua kadhaa huku usukani umekatwa. Kama hilo linakushinda dukani, litakushinda zaidi kwenye maegesho ya kazini yaliyobanana.

Halafu uliza gia zinaingiaje, kwa sababu hazifanani. Nyingi zina kanyagio la pande mbili, la vidole na la kisigino. Kuna ambazo gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele, kuna ambazo ya kwanza inaenda chini na zilizobaki zinapandishwa, na baadhi ya zilizotokana na Honda CG125 gia zinazunguka: ukiwa namba nne ukakanyaga tena unaingia nyutro, ukikanyaga tena unaingia namba moja. Kufanya hivyo ukiwa kwenye mwendo kunafunga tairi la nyuma na kukuangusha. Jifunze kwa mpangilio uleule wa pikipiki utakayonunua. Aliyefundishwa kwa mpangilio mmoja akanunua mwingine, siku akishtuka mguu wake utafanya alichozoea, na badala ya kushusha gia atapandisha.

Kwenye breki ndipo wageni wengi wanapoumia, na sababu ni moja: wanaogopa breki ya mbele. Unapofunga breki uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo ukikanyaga ya nyuma peke yake kwa nguvu tairi linaburuza na mkia unakwenda pembeni. Kazi kubwa ya kusimama hufanywa na tairi la mbele. Tafuta uwanja mtupu wenye lami au changarawe iliyoshindiliwa, nenda kilomita 30 kwa saa, gia ya pili, kisha bana ya mbele kwa vidole viwili au vitatu taratibu ukiongeza, na ya nyuma kwa upole, usukani umenyooka. Rudia mpaka usimame bila kuwaza. Usiibane ya mbele ghafla, na usiibane ukiwa kwenye kona au juu ya mchanga. Pembezoni mwa barabara nyingi za Dar mchanga hujikusanya, hasa baada ya mvua, na hapo ndipo daladala inapokusukumia.

Pikipiki za daraja hili nyingi zina breki za dramu mbele na nyuma. Kwa mwendo wa mjini zinatosha, na faida yake ni kwamba fundi yeyote anabadilisha viatu vya breki kwa dakika chache. Kasoro yake ni maji. Ukivuka dimbwi refu wakati wa masika, dramu zikiingia maji hazishiki, kwa hiyo ukitoka tu bana kidogo huku unaendelea kwenda taratibu hadi usikie zimeanza kushika. Ukipata yenye diski mbele kwa tofauti ndogo ya bei, chukua. Sharti ni moja: pedi zake ziwe zinapatikana kwa urahisi unakoishi.

Hilo la spea lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye tangi. Kabla ya kununua pita kwa fundi wa mtaani kwako na duka la spea lililo karibu naye, uliza vitu vitano: kebo ya klachi, viatu vya breki, plati za klachi, seti ya cheni na sproketi zake (magurudumu ya meno yanayobeba cheni), na kabureta. Vikiwepo vyote, na vya zaidi ya mtengenezaji mmoja, nunua. Vikiwa vinaagizwa Kariakoo kila mara, kila hitilafu ndogo itakuwa siku nzima bila usafiri. Kwa Dar, Boxer na HLX zote mbili zinafaulu mtihani huu vizuri sana. Skuta za otomatiki ni nyepesi kujifunza kwa kuwa hazina klachi, na kama njia yako yote ni lami ni chaguo la haki, ila magurudumu yake madogo hutumbukia kwenye mashimo ambayo rimu ya inchi 17 inayapita juu.

Wengi watanunua ya mkononi. Ujue kwamba nyingi zimeshafanya bodaboda, hata muuzaji asiposema. Mita ya kilomita isikudanganye, kebo yake huchomolewa kwa dakika moja. Angalia mpira wa kukanyagia, kanyagio la gia na breki ya mguu: vikiwa vimelika hadi chuma kinang'aa, pikipiki hiyo imetembea sana, mita iseme inavyosema. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukione, kwa hiyo rudi siku nyingine.

Iwashe kwa kiki, si kwa stata, ili ujue kama betri inaficha ugonjwa. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwaka kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu zimechoka. Moshi wa bluu unaoendelea kila unapovuta mafuta ni ringi na pistoni, na hapo unazungumzia kufungua injini. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi unaopotea ni unyevu tu. Chomoa kijiti cha oili: oili nyeusi ni ya kawaida, lakini iliyo kama maziwa imeingia maji, na yenye chembe zinazong'aa imebeba chuma cha ndani.

Kisha iweke kwenye stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili tairi la mbele lining'inie. Zungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia kwa kidole kimoja. Ukifika katikati ukahisi unakwama kidogo kama umeingia kwenye shimo, beringi za shingo zimekwisha. Pikipiki hiyo haitanyooka barabarani, itakuwa inatafuta njia yenyewe. Shika chini ya shokapu za mbele uvute na kusukuma: mlio wa kugonga maana yake ni hiyohiyo. Pitisha kidole kwenye vyuma vinavyong'aa vya shokapu, na kikirudi na oili, sili zinavuja. Shika tairi la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma.

Cheni ina siri yake. Nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, shika pingili moja uivute kuelekea kwako. Ikiinuka ukaona zaidi ya nusu ya jino, cheni imenyooka na imekwisha. Tazama na meno yenyewe: yakiwa yamepinda upande mmoja kama ndoana, usikubali kuambiwa "badilisha cheni tu". Cheni mpya kwenye sproketi iliyokwisha huliwa haraka, kwa hiyo vitatu, yaani cheni na sproketi zote mbili, vinabadilishwa pamoja, na gharama hiyo uikate kwenye bei.

Malizia kwa fremu. Inua kiti, chunguza pale chuma cha keria kinapoungana na fremu, na chini ya shingo. Alama ya kuchomelea au rangi inayotofautiana ni mzigo mzito au ajali. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo na namba ya injini dhidi ya kadi, na jina la kwenye kadi dhidi ya kitambulisho cha anayekuuzia. Angalia pia deni la faini kwa namba ya usajili, ile inayoanza na MC, kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, kwa sababu deni linafuata chombo. Kisha kamilisheni kubadilisha umiliki TRA. Usikubali kuendesha miezi kwa kadi ya mtu mwingine.

Usimalize pesa yote kwenye pikipiki. Helmeti ya kichwa kizima ikubane mashavuni, na ukiwa umefunga mkanda, mtu akiisukuma kutoka nyuma kwenda mbele isitoke. Inayotoka haitakusaidia. Iliyowahi kugonga chini kwa nguvu, kwa nje hata ikionekana nzima, iache. Ongeza glavu, viatu vinavyofunika vifundo, na koti jepesi la rangi ya kung'aa. Kwa wanawake wanaovaa dera, baibui au kanga: kitambaa kinachoning'inia nyuma huvutwa na cheni au spoki, na nimesema hili kwa kila dada anayeniuliza. Chagua pikipiki yenye kava kamili la cheni, na vaa suruali ndani ili nguo ya juu uikunje na kuikalia.

Matumizi ya mafuta ni sehemu nyepesi. CC 125 iliyotunzwa hufanya kilomita 45 hadi 50 kwa lita mjini, kwa hiyo safari ya kilomita 40 kwenda na kurudi ni lita moja au pungufu kidogo. Nyingi zina kabureta, kwa hiyo jifunze bomba la mafuta chini ya tangi: siku zote liwe kwenye ON, na mafuta yakikata geuza RES (akiba) uende kituoni. Usisahau kulirudisha, maana ukizoea kutembelea RES hutapata onyo tena. Asubuhi injini ikiwa baridi vuta choki, na irudishe mara injini ikitulia.

Upepo wa tairi ukague kila wiki, asubuhi tairi zikiwa baridi: PSI 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 nyuma ukibeba mtu. Cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati, isikazwe kama waya wa gitaa, kwa sababu iliyokazwa sana inakula beringi. Oili iwe ya pikipiki, 20W-50 yenye alama ya JASO MA, inayoonyesha kwamba inafaa klachi ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na kwa kuwa klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo, plati huanza kuteleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Kwa joto na foleni za Dar mimi nashauri oili ibadilishwe kila kilomita 2,000 hadi 2,500.

Ikiwa mpya, kilomita 1,000 za mwanzo usiivute hadi mwisho wala usiishikilie kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Kwa mjini kikomo ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo haitakusumbua. Sevisi ya kwanza ifanyike kati ya kilomita 500 na 750 na usiicheleweshe, kwani oili ya mwanzo ndiyo inayobeba vumbi la chuma la vipuri vinavyozoeana. Siku hiyo simama na fundi: tapeti (nafasi za valvu) zipimwe injini ikiwa baridi, cheni irekebishwe, spoki zikazwe kama rimu zako ni za spoki, na nati za ekseli zipitiwe moja moja kwa spana.