Shule za sekondari zinazoongoza: kilicho nyuma ya geti na namna ya kukitumia

Vijarida vya shule za sekondari zinazojitangaza kuwa za juu hufanana: bwawa la kuogelea, maabara mpya, wanafunzi watatu wanaotabasamu juu ya kitabu kimoja. Ukurasa unaofuata ni wa matokeo. Tathmini hii inaanzia kwenye matokeo, kwa sababu ndiyo yanayowavuta wazazi, na ndiyo yanayopotosha zaidi hata pale ambapo kila tarakimu ni ya kweli.

Shule inayochuja waombaji na kuchukua wenye alama za juu itatoa wenye alama za juu, hata kama walimu wake ni wa kawaida tu. Ukitaka kujua shule yenyewe inaongeza nini, linganisha wanafunzi waliovuka mstari wa kuchaguliwa kwa alama chache na wale walioukosa kwa alama chache. Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak walifanya hivyo kwa shule za mchujo za Boston na New York, ikiwemo Stuyvesant, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Makundi hayo mawili yalikuja kupata alama zinazokaribiana sana. Mwaka huohuo Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walitoa utafiti wao kuhusu shule za serikali za Kenya zinazochukua wanafunzi bora wa nchi nzima, nao hawakuona faida ya maana katika mtihani wa mwisho. Si kila mahali jibu ni hilo: huko Trinidad na Tobago, Kirabo Jackson alikuta mwaka 2010 kwamba shule bora zinainua matokeo, hasa ya wasichana. Jina la shule peke yake, basi, halitoshi kukuambia kama mtoto atapanda.

Kwenye siku ya kutembelea shule, acha kuuliza wastani. Uliza wanafunzi waliingia na alama zipi na wakatoka na zipi. Kisha uliza wangapi walianza kozi na wangapi walikaa kwenye mtihani. Kama walianza 120 na wakafanya mtihani 96, wale 24 walikwenda wapi? Huenda walihama kwa sababu zao. Huenda pia waliambiwa wajisajili kwingine ili wasiharibu wastani. Mkuu wa shule anayejua kazi yake atakujibu bila kugugumia.

Mtaala: usinunue jina

Shule nyingi za ngazi hii hutoa A Level (mtaala wa Kiingereza wa miaka ya mwisho ya sekondari), Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa ngazi hiyohiyo), au zote mbili pamoja na mtaala wa taifa. Tofauti yake si ugumu, ni umbo la kazi. A Level ya Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, imepangiwa takriban saa 360 za kufundishwa kwa kila somo, na wengi huchukua masomo matatu au manne. Diploma ya IB ina masomo sita: kwa kawaida matatu ya kiwango cha juu, yenye saa 240 kila moja, na matatu ya kiwango cha kawaida, yenye saa 150. Kila somo lina alama 7, kwa hiyo jumla ni 42. Alama 3 za nyongeza hutoka kwenye insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000 na kozi ya nadharia ya maarifa, ndipo inafika 45.

Mwanafunzi anayejua anachotaka, tuseme uhandisi, na anayechoka haraka na kuandika insha, atapumua vizuri zaidi kwenye A Level. Asiyejua bado, au mwenye uwezo unaolingana katika sayansi na lugha, IB itamfaa, mradi ajue kwamba kazi haiji kwa mawimbi. Inakuja kila wiki, na kazi za masomo tofauti hudaiwa mwezi mmoja. Insha ndefu ndiyo inayowaangusha wengi, na sababu ni ileile karibu kila mara: mada pana mno iliyochaguliwa kwa haraka, kisha kuachwa hadi likizo, wakati ambapo msimamizi hapatikani. Muda wa usimamizi wenyewe ni mfupi, saa tatu hadi tano kwa insha nzima. Mwanafunzi anayekwenda kwa msimamizi mikono mitupu ameshautapanya.

Kuna jambo dogo ambalo kijarida hakisemi. Shule inaweza kuwa na masomo ishirini kwenye orodha, lakini ratiba isiruhusu Fizikia na Historia kwa mtu mmoja kwa sababu vipindi vyake vinagongana. Omba uonyeshwe jedwali la makundi ya masomo la mwaka huu, si orodha.

Maabara: hesabu mikono, si vifaa

Maabara nzuri huonekana kwa idadi ya wanafunzi wanaogusa kifaa. Kikundi cha watu sita kwenye bureti moja (mrija wa kioo wenye vipimo na bomba chini) maana yake mmoja anafanya titresheni, yaani kudondosha myeyusho mmoja kwenye mwingine ili kuupima, mmoja anaandika, wanne wanatazama. Siku ya mtihani wa vitendo kila mmoja atasimama peke yake.

Makosa ya titresheni huwezi kuyajua kwa kutazama tu. Bureti husuuzwa kwa myeyusho utakaojazwa humo, lakini flaski ya koni husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa tu. Ukiisuuza kwa myeyusho unaopimwa, mabaki yanaongeza kiasi na usomaji wako unakuwa mkubwa kuliko inavyopaswa. Kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti kikitoka katikati ya kazi, nafasi yake inahesabiwa kama kimiminika kilichotumika. Funeli iliyosahauliwa juu hudondosha tone na kukupunguzia usomaji. Usomaji wenyewe huandikwa kwa ukaribu wa sentimita za ujazo 0.05, na matokeo mawili yakubaliane ndani ya 0.10. Mwanafunzi aliyefanya haya kwa mkono wake mara kadhaa huyafanya bila kufikiri. Aliyetazama tu hujikuta anasoma bureti kutoka chini kwenda juu.

Kwa hiyo usiulize kama maabara ni ya kisasa. Uliza kila mwanafunzi amefanya majaribio mangapi mwenyewe muhula uliopita, kisha ufungue daftari la vitendo uone kama yana tarehe, data ghafi na makosa yaliyokatwa kwa mstari. Daftari safi kupita kiasi limenakiliwa.

Usahihishaji, na hapa ndipo thamani ilipo

Wazazi husifu madarasa madogo bila kusema yanasaidia kwa njia gani. Utafiti unaotajwa sana kuhusu udogo wa darasa, ule wa Tennessee ulioanza mwaka 1985, ulihusu watoto wa chekechea hadi darasa la tatu. Kuubeba mzima mzima hadi sekondari si haki. Huku juu faida ya darasa dogo iko kwenye kalamu nyekundu. Mwalimu mwenye madarasa matano ya wanafunzi 30 ana madaftari 150. Akitumia dakika 6 kwa kila moja, hizo ni saa 15 nje ya vipindi. Hatazipata. Atatia alama ya vyema na kusonga mbele. Madarasa yakiwa ya wanafunzi 18, kazi ni ya saa 9: bado ni nyingi, lakini mtu anaweza kuifanya.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Omba madaftari matatu ya wanafunzi watatu wa darasa moja, usichaguliwe. Tazama tarehe ya kazi na tarehe ya kusahihishwa. Zikipishana kwa wiki tatu, mwanafunzi ameshasahau alichokuwa anafikiri alipokosea. Kisha soma maoni. "Jitahidi zaidi" si maoni. "Umetaja sababu mbili ila hukuonyesha ipi ina uzito, ongeza sentensi moja kila aya" ni maoni. Mwisho tafuta marekebisho: je, mwanafunzi alirudi akaandika upya sehemu ile? Kama hakurudi, usahihishaji wote ulikuwa mapambo.

Maktaba hailazimu maneno mengi: tazama saa za kufunguliwa. Ikifungwa vipindi vinapoisha, ni chumba cha picha. Ushauri wa kuomba vyuo ni mzuri pale tu mshauri anapomjua mwanafunzi kwa jina, na hilo halitegemei ukubwa wa ofisi yake.

Shule za bweni huuza pia prepu, ile saa ya kujisomea jioni chini ya uangalizi. Ni huduma nzuri kuliko inavyosifiwa, kwa sababu inaondoa simu na kelele bila ugomvi. Huharibika kwa namna mbili: kunakili kazi ya jirani kimyakimya, na kuongezwa hadi inakula usingizi. Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kinapendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Shule inayojivunia kwamba wanafunzi wake wanasoma mpaka usiku wa manane na kuamshwa alfajiri inajivunia hasara.

Mwanafunzi afanye nini na haya yote

Asome kwa kujiuliza, si kwa kurudia kusoma. Ushahidi hapa ni imara kuliko ule wa shule zenyewe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Waliokisoma mara nne walikumbuka asilimia 83 baada ya dakika tano. Waliokisoma mara moja na kujipima mara tatu walikumbuka 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wasomaji 40, waliojipima 61. Kurudia kusoma kunampa mtu uhakika wa leo usiku, na ndiyo maana ni vigumu kumtoa mwanafunzi huko. Anajisikia anajua.

Kwa vitendo: kipindi kikiisha, siku hiyohiyo, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kwa dakika kumi. Fungua, ongeza kilichokosekana kwa kalamu ya rangi nyingine. Hiyo rangi nyingine ndiyo kazi yako ya kesho. Rudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu hivi, kisha wiki, kisha acha nafasi ipanuke. Kupigia mistari ya rangi kitabu kizima hakusaidii. John Dunlosky na wenzake walipopitia mbinu kumi za kusoma mwaka 2013, kupiga mistari na kurudia kusoma viliwekwa daraja la chini, kujipima na kusambaza marudio daraja la juu.

Hisabati na Fizikia zinataka kitu cha ziada: kuchanganya. Doug Rohrer na Kelli Taylor walionyesha hili mwaka 2007. Waliofanya maswali ya aina moja mfululizo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, waliochanganya aina mbalimbali walipata 60. Wiki moja baadaye, kwenye jaribio, wa kwanza walipata 20 na wa pili 63. Sababu iko wazi ukiifikiria: maswali ishirini ya mada moja hayakufundishi kuchagua njia, kwa kuwa kichwa cha zoezi kimeshakuchagulia. Mtihani hauna kichwa hicho. Chukua maswali mawili mawili kutoka mada tano, uyavuruge.

Karatasi za mitihani iliyopita ni dawa inayotumiwa vibaya kuliko zote. Kosa la kwanza ni kuzifanya huku mwongozo wa alama umefunguliwa pembeni. La pili ni kuzimaliza zote mapema hadi hakuna ngeni iliyobaki. Tenga tatu au nne za karibuni kwa ajili ya mazoezi ya muda kamili. Kwenye muda, piga hesabu kabla ya kuanza: karatasi ya alama 75 kwa dakika 90 inakupa sekunde 72 kwa alama moja, kwa hiyo swali la alama 4 likivuka dakika tano, liache. Soma neno la amri. "Taja" linataka orodha, "eleza" linataka sababu, "tathmini" linataka pande mbili na uamuzi. Cambridge huchapisha ripoti za watahini zinazoeleza wapi watahiniwa walipoteza alama, na ni ajabu jinsi wanafunzi wachache wanavyozifungua.

Baada ya kujisahihisha, tengeneza daftari la makosa lenye safu nne: swali, kosa, sababu, tarehe ya kurudia. Safu ya sababu iwe kali. "Uzembe" haikubaliki, kwa kuwa haikuambii ufanye nini. Andika kama hukujua maarifa, au ulijua ukasoma swali vibaya, au ulikosea kubadilisha vizio, au muda uliisha. Kosa la maarifa linarudi kwenye kitabu; kosa la kusoma swali linatibiwa kwa kupigia mstari neno la amri na idadi ya alama kabla ya kuandika chochote; la muda linataka karatasi nzima ukiwa unapima muda kwa saa, si maswali mafupi zaidi. Tarehe ikifika, fanya swali lile upya kwenye karatasi tupu. Ukilipata, lifute kwenye orodha. Ukilikosa tena kwa sababu ileile, mpelekee mwalimu swali pamoja na majaribio yako yote mawili, aone mahali hasa unapopotea.