Ruta ipi ununue ikiwa hutaki mtu ajue umehamia wapi

Ruta ya Wi-Fi haitangazi jina la mtandao wako tu. Mara kadhaa kila sekunde hutangaza pia anwani yake ya MAC, ile namba ya herufi na tarakimu 12. Simu za wapita njia huinasa na kuipeleka kwa Google au Apple pamoja na mahali ilipoonekana. Ndiyo maana simu hujua iko wapi hata GPS inapozuiwa na maghorofa ya mtaa wa Pipeline, Nairobi.

Mwaka 2024 watafiti Erik Rye na Dave Levin wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha kwamba seva ya Apple ilimjibu yeyote: ukitaja anwani moja, unapewa mahali ilipo pamoja na ruta jirani hadi 400. Walikusanya takriban anwani bilioni 2 kwa njia hiyo.

Anayenihangaisha hapa ni mwanamke anayemkimbia mume mkatili. Mume aliyewahi kutumia Wi-Fi ya nyumba huweza kuwa na anwani hiyo. Mke akitoka mtaa wa Umoja kwenda Lang'ata na ruta ileile, baada ya siku chache anwani inasomeka Lang'ata. Kwa hiyo nimezipanga ruta kwa swali moja: je, anwani inabadilika?

1. Inayokubali OpenWrt, au ruta za chapa ya MikroTik. Hizi ndizo ningenunua. OpenWrt ni programu ya bure inayochukua nafasi ya ile iliyokuja na ruta, na inakuruhusu kuandika anwani mpya ya Wi-Fi. Kabla ya kulipa, linganisha modeli na orodha iliyo kwenye tovuti ya OpenWrt, pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye kibandiko: TP-Link mbili za jina moja huweza kuwa na chipu tofauti ndani. MikroTik haihitaji OpenWrt, na mafundi wanaosambaza intaneti kwenye ploti wengi wanaijua. Ukihama, zima Wi-Fi kabla ya kuondoka, unganisha kompyuta kwa waya, andika anwani mpya, kisha iwashe ukiwa umeshafika. Herufi au tarakimu ya pili ya anwani iwe 2, 6, A au E, ili isigongane na ya kiwandani.

2. Starlink. Ilifika Kenya Julai 2023, na mwaka huohuo kampuni ilianza kuzipa ruta zake anwani za kubahatisha. Huhitaji fundi wa kuibadilisha. Lakini ni ghali, mwenye nyumba lazima akubali sahani juu ya paa, na ukiongeza ruta yako nyingine kinga hiyo haiifuati.

3. Ya kampuni ya faiba. Iwe Safaricom, Zuku au Faiba, inafaa kwa sharti moja: ukihama, usiibebe. Sisitiza upewe nyingine.

4. Za bei nafuu za madukani Luthuli Avenue, Nairobi. Muuzaji atakuonyesha sehemu ya kubadilisha MAC kwenye menyu. Tahadhari: mara nyingi hubadilisha upande unaoelekea kwa kampuni ya intaneti tu, na Wi-Fi inabaki na anwani ya zamani. Nunua, itumie, ila nyumba mpya iwe na ruta mpya.

5. Mi-Fi, ile ruta ndogo ya mfukoni inayotumia laini ya simu. Hii kwa anayetafutwa siipendekezi kabisa, maana anatembea nayo kila aendako.

Yoyote utakayochagua, malizia jina la mtandao kwa _nomap, neno linaloziambia kampuni zisihifadhi mahali ruta yako ilipo. Google imeliheshimu neno hilo tangu 2011, Apple tangu 2024. Microsoft hutaka _optout, basi andika kama Baraka_optout_nomap, na _nomap ikae mwisho kabisa. Kuficha jina la mtandao hakusaidii, kwa sababu anwani bado inatangazwa. Kuzima huduma ya mahali (location) kwenye simu yako pia hakutoshi: simu za majirani zinaisoma anwani.

Ukiuza ruta ya zamani mtandaoni, ziba kibandiko kabla ya kupiga picha, maana anwani imeandikwa hapo. Na kama ulimkimbia mtu, usiiuze kabisa wala usimpe jirani. Ivunje, kwa sababu anayekutafuta ataelekezwa kwenye mlango wa aliyeichukua.