Worldview na FIRMS: natafuta moshi na vumbi kutoka angani, nikiwa Moshi

Binti yangu ana pumu, na kiangazi hapa Moshi ni msimu wa kumwangalia kwa karibu. Vumbi linapanda kutoka tambarare za Simanjiro, watu wanachoma mabua, na miwa ya kusini mwa mji inapochomwa kabla ya kuvunwa, masizi yanatua mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Nilitaka kujua yanayokuja yanatoka wapi, ndipo nikaanza kutumia tovuti mbili za NASA, Worldview na FIRMS. Zote ni bure, na ukitaka kutazama tu huhitaji kujisajili.

Worldview inaonyesha dunia jinsi setilaiti zilivyoiona siku hiyo. Chini kuna mstari wa tarehe ambao unaweza kuurudisha mpaka mwaka 2000, picha za setilaiti ya Terra zilipoanza. Mimi naweka tabaka la rangi halisi la VIIRS, kamera iliyo kwenye setilaiti, naongeza lile la moto, basi. FIRMS ni ramani ya moto: kila mahali setilaiti ilipohisi joto kali panawekwa nukta nyekundu, kwa kawaida ndani ya saa tatu tangu ipite.

Jicho linahitaji muda kuzoea. Moshi una rangi ya kijivu inayoelekea samawati. Unaanzia mahali pembamba, kisha unatanuka kufuata upepo, na ukiona nukta nyekundu pale unapoanzia, huna haja ya kubishana tena. Vumbi ni la hudhurungi na halina nukta. Linainuka kutoka eneo pana lililo wazi, kama ziwa lililokauka, likiwa na michirizi inayokwenda sambamba. Taabu ni kwamba ardhi yetu ya kiangazi nayo ni hudhurungi, kwa hiyo vumbi jepesi linapotea kabisa juu yake. Hapo nalinganisha na picha ya siku iliyokuwa safi: kama mipaka ya mashamba na makorongo imefifia bila kuwa na wingu, kuna kitu hewani.

Kwa kujifunza, rudisha FIRMS hadi Oktoba 2020, moto ulipowaka Kilimanjaro kuanzia tarehe 11. Nukta zinajipanga juu ya Marangu, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, na siku baada ya siku unaona ulivyokuwa ukihama. Sisi wa huku chini tulikuwa tunauona usiku kama mstari mwekundu mlimani. Kuuona kwenye ramani kulinigusa sana.

Sasa mapungufu, na mzazi mwenzangu naomba uyasome vizuri. VIIRS hupita karibu saa saba na nusu mchana na saa kama hiyo usiku. Shamba likichomwa jioni likazimika kabla ya usiku wa manane, huenda lisionekane kabisa. Mawingu ya mlimani nayo huziba picha nyingi za mchana. Nukta moja inawakilisha eneo la mita 375 kwa 375, kwa hiyo usimshike jirani shati kwa sababu imeangukia kwake. Kubwa kuliko yote, setilaiti inatazama hewa yote kutoka juu mpaka chini kwa pamoja: moshi unaopita juu sana vichwani mwetu na moshi ulio uani vinaweza kuonekana sawa, huku jiko la mkaa la jikoni kwako halionekani kamwe. Picha hizi hazisemi mtoto anavuta nini. Kwa hilo kinahitajika kipimo cha hewa hapa chini, na ningependa sana kila shule ya mji huu iwe nacho.

Kwenye simu Worldview ni nzito na inakula bando. Kompyuta mpakato ni afadhali. FIRMS inafunguka haraka, nayo ndiyo ninayoifungua kila siku. Nukta zikiwa nyingi upande wa kusini na upepo unatoka huko, madirisha ya upande huo yanafungwa na inhela inaingia kwenye begi la shule. Nazipa nyota nne kati ya tano.