Vichujio viwili na nyuzi za gesi za NGC 1275: tathmini kutoka Makangale

Seti ninayoitathmini ina vichujio viwili vya darubini, kimoja cha hidrojeni na kimoja cha salfa, na kila kimoja hupitisha kipande cha mwanga chenye upana wa nanomita 7 tu (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Niliiagiza kwenye duka la mtandaoni ambalo sitalitaja, ikanigharimu takriban shilingi laki nane pamoja na usafiri hadi Chake Chake. Maelezo ya dukani yalidai kwamba kichujio cha hidrojeni kinafaa kwa nebula, yaani mawingu ya gesi angani, na kwa galaksi zote, nami nilikitaka kwa kazi moja: kupiga picha nyuzi za gesi zinazoizunguka NGC 1275, galaksi kubwa ya duaradufu iliyo katikati ya kundi la galaksi la Perseus, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 230.

Nyuzi hizo ni gesi ya ioni, yaani gesi ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni. Joto lake ni kama digrii 10,000, ilhali gesi ya kundi zima inayozizunguka ina joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Roger Lynds alizipiga picha kwa mwanga wa hidrojeni, akazichapisha mwaka 1970; na mwaka 2008 Andrew Fabian na wenzake, wakitumia picha za darubini ya Hubble, walieleza kwamba nyuzi nyingine zina upana wa miaka ya nuru 200 tu na urefu wa miaka ya nuru 20,000, na kwamba zisingedumu kama nguvu za sumaku zisingezishikilia. Mimi sijui kitu angani kinachonishika moyo kama uzi mwembamba hivyo kusalimika ndani ya moto mkali hivyo.

Nilivijaribu vichujio Makangale, kaskazini ya Pemba, kwa darubini ya kioo cha milimita 200, mwezi wa Januari, wakati ambapo mvua za vuli zimekwisha na upande wa kaskazini uko wazi juu ya bahari. Katikati ya mwezi huo NGC 1275 hufika kilele chake mnamo saa mbili usiku, kiasi cha digrii 43 juu ya upeo, kwa hiyo mtu anaweza kuswali Isha kwa utulivu kisha akaanza kazi. Anayelijua kundi la nyota la Kilimia hatapotea: ateremke kutoka hapo kuelekea kaskazini, kidogo kushoto, mpaka kwenye nyota ya Algol, ambayo jina lake ni la Kiarabu, kichwa cha zimwi; galaksi iko kulia kwa nyota hiyo, umbali wa kama miezi minne iliyopangwa ubavu kwa ubavu.

Nilianza na nebula ya Orion, na hapo kichujio cha hidrojeni kilinifurahisha kabisa, kwani mawingu ya gesi yalitokeza kwa undani ambao sijawahi kuupata na nyota angavu hazikuzungukwa na duara za mwanga. Nilipogeukia NGC 1275, saa nne za picha zilinipa umbo laini la galaksi peke yake, bila ya uzi hata mmoja.

Kosa halikuwa la kioo wala la unyevu wa pwani. Hidrojeni hutoa mwanga wake mwekundu kwenye nanomita 656.3, na kichujio kimetengenezwa kwa ajili ya hapo; lakini NGC 1275 inatuacha kwa kasi ya takriban kilomita 5,260 kwa sekunde, na kasi hiyo huusogeza mwanga huo mpaka nanomita 667.8, mbali kabisa na mlango wa kichujio. Mwanga wa nyuzi ulikuwa unafika Makangale, nami ndiye niliyekuwa nimeufungia nje. Muuzaji alipaswa kuliandika jambo hili kwa sababu mnunuzi hawezi kuliona kwa kutazama kioo.

Kilichoniokoa ni kichujio cha salfa, ambacho nilidhani sitakihitaji. Kimewekwa kwenye nanomita 672, kwa hiyo hidrojeni ya NGC 1275 inagusa ukingoni mwake tu, ila naitrojeni ya nyuzi hizohizo, inayotoka kwenye nanomita 658.3 na kufika kwetu kwenye 669.9, inapita ndani. Nilikusanya saa sita kwa masiku matatu, kisha nikatoa kwenye matokeo hayo picha ya mwanga mwekundu wa kawaida ili kuondoa nuru ya nyota za galaksi, na nyuzi mbili tatu zikabaki, hafifu lakini za kweli, zikienea kutoka katikati. Hatua hiyo ya kutoa isirukwe, kwa maana nuru ya galaksi ya duaradufu huzimeza nyuzi zote.

Fremu za chuma zimeshika vizuri na hazikuota kutu katika hewa ya chumvi, ingawa kisanduku hakizuii unyevu na nimelazimika kuongeza vifuko vya kunyonya maji.

Anayetaka NGC 1275 anunue cha salfa, tena chenye upana usiopungua nanomita 7. Kwa galaksi ya M87 ya kundi la Virgo, hidrojeni hufika kwenye nanomita 659.1, ndani kidogo tu ya ukingo wa kichujio cha hidrojeni, na kwa kuwa miezi yake mizuri hapa kwetu huangukia masika, nitasubiri Juni, mara baada ya Magharibi. Kwa galaksi ya NGC 4696 ya kundi la Centaurus, ambayo kwetu hupanda juu vizuri upande wa kusini, seti hii haina msaada wowote: hidrojeni yake huangukia nanomita 662.8, baina ya vichujio hivyo viwili, nje ya vyote.