Filamu Inayojiponya: Mikwaruzo Inayopona na Isiyopona

Filamu ya kulinda rangi ya gari, niliyobandikiwa kwenye boneti, bampa ya mbele na vioo vya pembeni na fundi wa Industrial Area, Nairobi, imenipa thamani ya fedha zangu, ingawa thamani hiyo haitokani sana na kule kujiponya kunakotangazwa.

Filamu yenyewe ni plastiki ya poliuretani, ambayo kwa aina nyingi ina unene wa mikroni 150 hadi 200 (yaani milimita 0.15 hadi 0.2), na juu yake kuna utando mwembamba unaonyumbuka. Utando huo ndio unaojiponya: ukipata joto, sehemu zilizosukumwa na mkwaruzo hurudi mahali pake na alama ikafutika. Mistari myembamba inayoachwa na vitambaa vyenye mchanga kwa waosha magari, pamoja na ile ya matawi ya bogainvilia yanayogusa boneti langoni, hutoweka gari likikaa juani mchana. Mwezi Julai, mawingu yanapoufunika mji, alama hizo zilikaa hadi nilipozimwagia maji ya moto, zikafifia nikiziangalia, na nakiri kwamba nilifurahi sana.

Mkato wa kina ni jambo jingine. Pikipiki ya bodaboda iliyojipenyeza kwenye msongamano wa Ngong Road ilichana filamu ya bampa, ikapita utando hadi ndani ya plastiki ya filamu yenyewe, na hapo si jua wala maji ya moto yaliyosaidia, kwa kuwa palipokatika hapana tena cha kurudi mahali pake. Hata hivyo, fundi alipoibandua filamu hiyo ili aweke nyingine, rangi ya chini ilikuwa haijaguswa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya filamu, yaani kuumia kwa niaba ya rangi, na ndiyo maana naipenda kuliko keramiki, yaani dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi na kukauka, ambayo hurahisisha kuosha gari lakini ni nyembamba mno kuzuia kokoto zinazorushwa na malori ya Mombasa Road. Bati likibonyea, bila shaka, filamu haina la kufanya.

Anayetaka kununua aombe kipande cha filamu, akikwaruze kwa brashi ya waya na kukimwagia maji ya moto kabla ya kulipa, kwa sababu filamu za bei ya chini za PVC, aina nyingine ya plastiki, hazijiponyi na baada ya muda hugeuka manjano. Mwenye gari lililoagizwa likiwa limetumika amwombe pia fundi apime unene wa rangi kila upande, kwani pale palipopakwa rangi upya vibaya, filamu inaweza kuing'oa siku itakapobanduliwa.