Kasha la diski la USB 3.0, inchi 2.5: zuri, ila waya wake utupwe

Kasha lenyewe halina shida: halihitaji bisibisi, diski ya SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski za ndani ya kompyuta) inaingia bila kulazimishwa. Waya uliokuja nalo ndio uliofanya kompyuta ikatae kuiona diski.

Dalili yake ni hii. Taa inawaka, diski inaanza kuzunguka, inakata, inaanza upya, na Windows inatoa mlio wa kuchomeka na kuchomoa bila kukoma. Hapo umeme hautoshi. Kwa kiwango chake, poti ya USB 2.0 hutoa miliampea 500 na ya USB 3.0 hutoa 900, wakati diski ya kuzunguka inapojinyanyua inaweza kudai karibu ampea nzima. Waya mwembamba unapoteza sehemu ya huo umeme njiani. Nimeweka mnene wa sentimita 30, nikachomeka kwenye kompyuta yenyewe bila habu (kifaa cha kugawanya poti), na diski imetulia. Kwa kompyuta ya mezani tumia poti za nyuma. Kichwa kile kipana cha upande wa kasha nacho kisukume mpaka mwisho. Kikiingia nusu, hakuna kitu.

Kama diski inazunguka vizuri na bado huioni, bonyeza Windows na X, ufungue Disk Management, sehemu ya Windows inayoorodhesha diski zote. Ikiwepo bila herufi, ipe herufi, basi. Ikiandikwa RAW (Windows haitambui mpangilio wa mafaili yake), au ukiombwa kui-initialize (kuiandaa kama diski mpya), na ndani mna kazi zako, kataa. Usifomati.

Jambo linalowachanganya wengi: diski iliyotoka kwenye kasha jingine inaweza kuonekana tupu ilhali data ipo. Baadhi ya makasha huitangazia kompyuta sekta (vipande vya kuhifadhia data) za baiti 4096 badala ya 512, kwa hiyo ukibadilisha kasha, jedwali la migawanyo (orodha ya sehemu za diski) linatafutwa mahali ambapo halipo. Irudishe kwenye kasha lake la zamani kabla ya kujaribu programu yoyote ya uokoaji. Na usikimbilie kupasua diski za nje zilizouzwa zikiwa zimefungwa tayari; baadhi zina poti ya USB kwenye bodi ya diski yenyewe, hutakuta SATA humo.

Diski ikigonga tiki, tiki, tiki, chomoa mara moja. Hapo tatizo huenda si waya.

Nyota 3 kati ya 5. Mbili zimeondoka na ule waya.